Kondoo ni Bure, Bei Imekwisha Kulipwa

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha wazee wa kanisa. Kimefunguliwa kwa sala, kikafungwa kwa matusi ya adabu. Habari yenyewe mbaya: Katibu wa Dayosisi anakuja Jumapili kututazama. Akikuta mabenchi matupu, usharika wetu unaunganishwa na ule wa njia panda, na Mchungaji wetu anahamishwa.

Mwalimu wa Kwaya alipendekeza turekodi kwaya tu, tuiweke mtandaoni. Kwaya! Hata benki zina kwaya. Nikasimama. Nikawaambia kwamba matengenezo ya kanisa yalishinda kwa mtambo wa kuchapa, si kwa soprano. Mwalimu akauliza kama ninao huo mtambo. Nikasema ninayo mashine ya fotokopi dukani na simu yenye kamera, na zaidi ya yote, ninacho kichwa. Wakacheka. Wacheke. Chaneli ya kanisa nimepewa mimi, pamoja na neno la siri. (Neno lenyewe ni "amina". Hata shetani angelibuni.)

Jioni nikapita kwa Mchungaji. Nimemkuta anapanga vitabu kwenye maboksi ya sabuni. Hakulalamika. Aliuliza tu kama nina kamba ya kufungia. Roho imeniuma. Huyu ndiye aliyemzika mama yangu kwenye mvua kubwa, bila mwavuli, na hakuruka hata aya moja ya ibada.

Haendi popote. Nimeapa.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kurekodi. Nimemsimamisha Mchungaji kwenye nyasi nyuma ya kanisa, kanzu nyeupe, fimbo ndefu mkononi. (Mpini wa ufagio wa kutolea utando. Ufagio wenyewe nimeuficha nje ya picha.) Aliuliza kama fimbo ni ya lazima. Nikamwambia watu wa siku hizi hawasomi, wanaona; basi tuwape cha kuona.

Kisha muujiza! Kondoo wawili wa jirani yetu, fundi bomba, wakapenya kwenye ua. Mmoja akaanza kutafuna pindo la kanzu. Mchungaji akampapasa kichwa na kuendelea kuhubiri. Nilikaribia kulia. Hata ningelipa waigizaji nisingepata kitu kama hiki.

Kichwa cha video nimekiandika mwenyewe: MCHUNGAJI NA KONDOO WAKE WANONO. KARIBUNI ZIZINI KWETU JUMAPILI SAA NNE! Nikaongeza ramani.

Mke wangu amesoma, akaguna. Anasema watu wataelewa vingine. Asiyejua maana haambiwi maana.

Watazamaji mpaka sasa: mimi, mke wangu, na mtu mmoja aliyetuwekea kidole gumba kinachotazama chini. Namjua. Anafundisha kwaya.

Alhamisi, 6 Machi

USHINDI! Nimeamka, video imetapakaa. Kuna mtu ameipeleka kwenye kundi moja kubwa liitwalo "Wafugaji na Wanunuzi". Jina zuri lililoje kwa ushirika wa maombi! Kweli, sisi sote tulinunuliwa kwa thamani.

Na maswali yao! Si yale ya waumini wetu, ya ibada inaisha saa ngapi. Mmoja kauliza kama kondoo wetu wana afya. Swali zito. Nikajibu kwa uaminifu: wengine wamedhoofika, wengine wamepotea, lakini Mchungaji anawajua kwa majina. Akaandika kwamba huo ndio ufugaji, si wengine wanaoachia tu.

Mwingine kauliza kama tunachinja. Nikamwelimisha kwamba Mwana-kondoo alikwisha kuchinjwa, mara moja tu, kwa ajili ya wote. Akauliza kama kuna kilichobaki. Mwanateolojia huyo! Nikamjibu kwamba mwili na damu hutolewa Jumapili ya kwanza ya mwezi, ila Jumapili hii atashiba Neno. Hajajibu. Bila shaka anatafakari.

Wa tatu kauliza bei. Hapo nikawaka. Bei! Nimepigana na wauza mafuta ya upako kwa barua kumi na moja gazetini, wakachapisha moja, nusu. Leo mtu aniulize bei ya wokovu? Nikaandika kwa herufi kubwa: BURE! BEI IMEKWISHA KULIPWA!

Baada ya hapo simu ikawa inatetemeka mezani kama ina homa. Bure kabisa? Bure kabisa. Hata sisi wa mbali? Hasa ninyi wa mbali. Kila mtu mmoja? Nikaandika: kila mtu, na mkeo, na watoto wako.

Sikujua nchi ina kiu ya injili kiasi hiki.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amekaa kitandani akasoma maoni yote, kuanzia la kwanza. Akanigeukia. Baba watoto, akasema, hawa wanataka kondoo wa miguu minne. Akanionyesha mmoja aliyeuliza kama aje na kamba yake. Nikamweleza kwa upole kwamba nabii Hosea naye ametaja kamba za upendo. Akasema Hosea hakuuliza pa kuegesha pikapu.

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Nimeoa mwanamke mwema.

Mwalimu wa Kwaya alikuja dukani kutoa nakala za nyimbo. Akanishauri, kwa ile sauti yake ya mtu anayetafuta noti, niongeze neno moja la ufafanuzi chini ya video. Wivu mtupu. Nikamtolea nakala zote zikiwa zimepinda. Jumapili waimbe wakiwa wameinamisha shingo.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa nimejifungia stoo.

Saa tatu na nusu kanisa lilijaa. Lilijaa! Wengine wamesimama madirishani. Nje pikapu tatu na mkokoteni. Mlangoni rundo la kamba, maana mzee wa zamu aliwaomba waziache nje. Katibu wa Dayosisi aliketi mbele, akawa anageuka kila mara kutazama nyuma. Nikamnong'oneza kwamba haya ni matunda ya teknolojia. Akaandika kitu. Mchungaji alipanda madhabahuni, akaona umati, akashika meza kwa mikono miwili.

Akahubiri kama kijana. Mwishoni, machozi yakimtoka, akawaambia wanaomtaka Mwana-kondoo wainue mikono. Mikono yote juu! Kuna walioinua miwili. Mama mmoja akamwinua na mtoto wake.

Ndipo mwenye bucha, jitu la kifua kama kabati, akasimama. Akasema, kwa heshima zote, Baba Mchungaji, shikamoo, tumesikiliza vizuri na tumeshukuru, sasa tupange foleni humuhumu au kule zizini?

Nikapiga makofi kuokoa hali. Hakuna aliyenifuata.

Mchungaji akauliza zizi gani. Mwenye bucha akasema la kondoo wa bure. Na hapo, kwa ratiba ya shetani mwenyewe, kondoo wa fundi bomba akalia nyuma ya kanisa. Mee!

Sijawahi kuona kanisa likitoka haraka vile. Fundi bomba aliwaona wakija, akakimbiza kondoo wake ndani na kujifungia nao bafuni. Alipiga kelele kupitia kidirisha kwamba hawa wana mwenyewe. Umati ukamwita mchoyo. Mtu akamsomea jibu langu, neno kwa neno: kila mtu, na mkeo, na watoto wako! Fundi akatukana. Kondoo nao wakamwitikia.

Mchungaji akaja akitembea taratibu, akasimama kati yao na mlango. Akawaomba msamaha. Akasema ameitwa mchungaji maisha yake yote, na leo ndipo amegundua kwamba hana hata kondoo mmoja wa kumpa mtu. Ana chai. Ni nyingi, akasema, maana huwa tunapika kwa matumaini.

Mwenye bucha alianza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha wakarudi, si wote, ila wengi, wakanywa chai. Kwaya ikaimba huku imeinamisha shingo. Mchungaji akawauliza majina, mmoja mmoja. Katibu wa Dayosisi alikuwa amevua miwani anafuta macho, na sikuweza kujua ni kicheko au nini.

Sauti nje inauliza nani alikuwa anajibu yale maoni. Nimezima taa ya stoo.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha dharura. Katibu wa Dayosisi ameandika kwamba usharika uachwe kama ulivyo, na Mchungaji asiguswe, kwa kuwa hajapata kuona mtu akiwatuliza wenye hasira kwa birika. Mchungaji ameanza kutoa vitabu kwenye maboksi. Nilikwenda kumsaidia. Alinishukuru, akaniomba nisiguse rafu ya juu.

Mwalimu wa Kwaya, kumbe, alirekodi maneno ya Mchungaji pale mlangoni pa bafu na kuyaweka mtandaoni. Inasemekana watu wanalia mpaka nchi jirani. Nani aliwaleta hao wenye hasira? Mimi! Lakini historia huandikwa na wenye soprano. Chaneli amepewa yeye. Neno la siri limebadilishwa. Nimejaribu "haleluya". Silo.

Mimi nimepewa idara ya viti.

Mwenye bucha amesema atarudi Jumapili. Kondoo hakupata, anasema, ila kuna mtu ameulizia jina lake.

Jumanne, 11 Machi

Nimekaa, nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona, na si langu. Ni la kondoo. Ni mnyama anayevuruga fikra za watu.

Nimefungua chaneli yangu binafsi. Hakuna mnyama hata mmoja. Asubuhi nimejirekodi dukani, mbele ya mashine ya fotokopi, nikiwa na wavu wa kuzuia mbu mabegani. Kichwa: WAVUVI WA WATU. TUMESHUSHA NYAVU, ZIMEJAA HADI ZINAKATIKA! KARIBUNI JUMAPILI.

Mke wangu amesoma. Hakuguna safari hii. Alichukua mkoba, akasema anakwenda kwa dada yake mpaka Jumatatu.

Tayari kuna mtu ameuliza kama ni wabichi au wamekaushwa. Nimemjibu: wabichi kabisa, njoo na ndoo yako, neema haipimwi kwa mizani.