Kuku wa Mguu wa Tadeo

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Balaa! Tadeo kaumia. Mazoezi ya jioni, na wala hakuna aliyemgusa. Aliruka kupiga kichwa, akatua kwenye shimo la fuko, kifundo kikalia. Mguu wa kushoto! Mguu wa magoli, na kwa kuwa yeye ni dereva wa lori, mguu wa klachi vilevile. Nyota ya Loleza bila Tadeo ni watu kumi waliovaa jezi.

Zimebaki siku kumi na mbili tucheze Iringa. Wameshatufunga mara mbili mfululizo. Mkutano uliopita uliazimia, mimi nimekaa palepale, kwamba tukifungwa mara ya tatu katibu abadilishwe. Katibu ni mimi, Bartholomeo, karani wa stoo, miaka mitano bila doa. Anayekitamani kiti changu ni makamu wangu, Muharami muuza vitambaa. Leo alimpa Tadeo pole kwa sauti kubwa kupita kiasi, huku macho yake yako kwangu.

Ubaya zaidi: wiki iliyopita nilimwandikia katibu wa Iringa, Bwana Yotamu, kwamba Tadeo peke yake atawafunga matatu. Barua imeshaondoka.

Jumanne, 7 Agosti

Nimempeleka Tadeo zahanati kwa baiskeli. Dresa kaminya, kageuza, kauliza maswali. Akasema mfupa haukuvunjika, kifundo kimeteguka tu; afungwe bendeji, akae wiki tatu bila mpira, atapona. Wiki tatu! Nikamweleza habari za Iringa. Akasema yeye ni mtu wa Songea.

Dresa hatufai. Tunataka mtu wa kutibu wachezaji! Timu za Dar es Salaam zinaye, nasikia, mtu mwenye mkoba na taulo anayeingia uwanjani mbio. Mbeya hii nani? Nimeuliza sokoni, posta, hata kanisani baada ya ibada ya asubuhi. Nimerudi na jina moja: Ahmadi kinyozi, ambaye zamani alikuwa na mabondia huko Tanga.

Jumatano, 8 Agosti

Ahmadi alimkanda Tadeo kwa mafuta ya taa na pilipili. Majirani walikuja kuuliza nani amefariki. Kifundo sasa kimevimba na kubabuka juu yake. Nilimbana Ahmadi, akakiri kwamba huko Tanga kazi yake ilikuwa kuwanyoa mabondia. Kukanda alikuwa akitazama.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimempata! Bi Ikupa wa Uyole, mkulima wa viazi, hunyoosha viungo vya watu na ng'ombe. Tulipofika kwake alitoka shambani na udongo mpaka kwenye viwiko. Akakishika kifundo, akakisikiliza kwa kidole gumba, na Tadeo, ambaye jana alipiga mayowe, akatulia kabisa. Nilimwonea wivu yule mama.

Kisha akaagiza kuku. Nikadhani ni malipo. Siyo! Akamtegua kuku mguu wa kushoto, kuku akalia mara moja. Akaufunga mguu wa Tadeo na wa kuku kwa majani yaleyale na vijiti vya mti mmoja. Utaratibu wake ndio huo: siku kuku akitembea sawasawa, apelekewe amwone, naye atamfungua Tadeo. Kabla ya hapo Tadeo asikanyage. Nikauliza kuku huchukua siku ngapi. Akasema kuku hawajawahi kumwambia. Nikampa mkungu wa ndizi, akasema ndaga, yaani asante, akarudi kwenye viazi vyake.

Kuku, mweusi tii, nimekabidhiwa mimi kama katibu. Nimerudi Mbeya na Tadeo nyuma ya baiskeli na kuku mbele, na upande wa mbele ndio uliokuwa unalalamika.

Jumamosi, 11 Agosti

Kuku amelala tu. Nimemlisha mahindi, mchicha, dagaa. Nimemkanda paja kwa mafuta ya nyonyo. Leo alfajiri nimemfanyisha mazoezi uani: namshika mabawa, namhesabia moja-mbili, moja-mbili. Kumbe Muharami amesimama kwenye ua! Akauliza kama timu imesajili mchezaji mpya. Nikamjibu kwamba mambo ya katibu ni ya katibu. Marta, mke wangu, anasema katika miaka tisa ya ndoa sijamkanda yeye hata kidole.

Jumatatu, 13 Agosti

Bado! Lori linaondoka Ijumaa. Stoo leo sikufanya kazi yoyote, nimefikiri tu. Na jawabu limenijia, rahisi mno mpaka nimecheka peke yangu. Bi Ikupa anataka kuona kuku mweusi anatembea. Nitampelekea kuku mweusi anayetembea!

Nimemnunua sokoni. Mzima, mwenye mbio. Ana manyoya meupe mgongoni, nimeyapaka rangi ya viatu vyangu vya ofisini. Sasa hata mama yake hamjui. Nimemfunga kwenye mguu wa kitanda; yule mgonjwa yuko jikoni chini ya tenga. Jumatano naomba ruhusa, naenda Uyole. Marta sikumweleza. Siri za mpira hazitaki watu wengi.

Jumanne, 14 Agosti

Sijui niandike vipi.

Jioni kamati imenivamia bila taarifa. Muharami ndiye kawaleta, ati kukagua maandalizi, na Tadeo wamembeba kwenye kiti. Heshima ya nyumba! Nikamwambia Marta wageni wachinjiwe kuku, nikiwa na maana ya jogoo mwekundu. Sikusema mwekundu. Kwa ajili ya Muharami na Waislamu wenzake, Marta akamwita Ahmadi kinyozi aje achinje. Jogoo alikuwa juu ya paa. Ahmadi hakutaka kupanda paa. Chini ya tenga kulikuwa na kuku asiyekimbia.

Tukala. Mtamu, sikatai. Tadeo, kwa kuwa ni mgonjwa, akapewa paja. La kushoto. Muharami akatoka uani kunawa, akarudi ameshika vijiti viwili vyenye majani. Tadeo akautazama mfupa ulio mkononi, akautazama mguu wake. Akalia. Mtu wa futi sita! Akasema mguu wake umekwisha, lori hataendesha tena, watoto wake watakula nini. Niliona aibu, aibu ya kweli, moyo ukaniuma.

Ikaniuma kwa muda wa kutosha, kisha nikakimbilia chumbani. Nikamleta yule wa kitandani, nikawaambia watulie, kuku wao huyu hapa, amepona! Kuku akaruka, akatua kifuani pa Muharami. Kanzu yake ilikuwa nyeupe.

Jumatano, 15 Agosti

Tadeo haamki. Uvimbe umepungua, nimeuona mwenyewe, lakini anasema mtu ambaye kuku wake ameliwa hawezi kupona. Nikamkumbusha kwamba sehemu kubwa amemla yeye. Haikusaidia.

Kamati imemfuata Bi Ikupa kwa lori. Akasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akamwambia Tadeo kuku si dawa hata kidogo. Dawa ni majani na kutulia. Kuku huwekwa kwa ajili ya watu wenye haraka, maana kuku hajui kama Jumamosi kuna mpira. Tadeo akafuta machozi, akaomba uji.

Nikadhani yameisha. Bi Ikupa akanigeukia. Akasema kwa kuwa kuku tumemla, lazima apatikane mwingine, na katibu anafaa. Akanifunga mimi! Mguu wa kushoto, majani, vijiti, mbele ya kamati nzima. Siku atakayonikuta nimekaa nimetulia, bila kumuuliza bado siku ngapi, ndipo atatufungua wote wawili. Nikamuuliza hiyo itachukua siku ngapi. Akaongeza fundo.

Jumatatu, 20 Agosti

Tumerudi. Tumefungwa matatu kwa bila. Bwana Yotamu alikuja na barua yangu, akawasomea watu wake kabla ya mpira na baada ya mpira. Kisha akauliza, kati ya vilema wawili waliokaa kwenye benchi, Tadeo maarufu ni yupi.

Wakati wa kurudi lori lilisimama Nyololo kupoza injini, na Muharami akaitisha mkutano palepale barabarani. Nimevuliwa ukatibu. Nilipinga kwa mguu mmoja. Wamenipa nafasi moja tu: marudiano yako hapa Mbeya Jumamosi tarehe mosi Septemba. Tukishinda, kiti changu kinarudi. Tukifungwa, Muharami anachukua muhuri.

Kwa hiyo ni lazima Tadeo acheze. Mguu wake, jina langu!

Jumamosi, 25 Agosti

Bi Ikupa ametuma habari kwamba atapita wakati wowote kututazama. Marta anasema zile wiki tatu za dresa zinakwisha Jumanne hii, Tadeo anaendelea vizuri, na mimi sina la kufanya ila kukaa kitako. Marta ni mwanamke mwema, lakini mpira haujui.

Mpango umekamilika. Vijiti nimevifungua, nimevishona kwenye soksi, navaa na kuvua kwa sekunde mbili. Ahmadi amekaa njia ya Uyole na filimbi ya timu. Akimwona yule mama, anapiga mara tatu. Mimi naruka dirishani kutoka popote nilipo, navaa soksi, nakaa kwenye kiti na Biblia. Kutulia nimekufanyia mazoezi tangu juzi. Jana nilifika dakika nne bila kusema neno, Marta akishika saa.

Filimbi! Tutafunguliwa siku tatu kabla ya tarehe ya dresa! Nilijua tu kwamba haraka ingetusaidia.