Mkazi Mpya wa Makao Makuu

Hakimu hakugusa kahawa yake asubuhi ile. Jina la Hakimu tulimpa sisi; mwenyewe alikuwa karani wa mahakama, akastaafu, akabaki na miwani na tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti kama anatoa hukumu. Alifungua gazeti ukurasa wa tatu, akalisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu, kisha akamtazama Dakika.

"Wewe umehama lini?"

Dakika ni fundi saa. Kibanda chake kimepakana na saluni yangu, na benchi la kijiwe limeegemea ukuta wetu sote wawili, kwa hiyo uongo wote unaosemwa pale naupata nikiwa na mashine ya kunyolea mkononi.

"Kuhama kwenda wapi, mzee?"

"Nasoma," Hakimu akasema, akakohoa kidogo. "'Mkazi wa mtaa mpya wa makao makuu ya nchi, akiwa na mkewe na watoto wao, wakifurahia maji ya bomba. Tangu tuhamie hapa hatujakosa maji hata siku moja, alisema mkazi huyo.' Na juu yake kuna picha. Na kwenye picha upo wewe na lile shati lako la kijani."

Spika alilinyakua gazeti. Huyu anauza redio na maspika kuukuu, na kwa kuwa anashinda akiyajaribu, hajui tena kuongea kwa sauti ya chini.

"NDIYE! Na shemeji huyu hapa! Dakika, bwana, mtu akihama si anaaga?"

"Mwacheni," nikasema kutoka mlangoni. "Jioni anarudi kwake makao makuu. Asubuhi anakuja kutusalimia sisi tusio na maji."

Shangazi, muuza kahawa wetu, akaacha kusuuza vikombe. "Hebu nione. Mbona watoto wamenuna?"

Dakika alikuwa ameinamia saa ya mteja, anaisugua kioo ambacho kilikuwa safi tangu jana. Mjue kwamba juma zima alikuwa ametuchosha na safari yake. Alikuwa amewapeleka mkewe na watoto wao wawili kuuona mji mkuu, kwa sababu kaka mtu alifanya vizuri shuleni na yeye aliahidi mbele ya mama yao. Tukaambiwa Bunge lina zulia nene mpaka viatu vinapotea. Tukaambiwa mtoto alikalia kiti cha waziri, kikazunguka naye.

"Zulia lile," Hakimu akaanza, "uliliona kabla ya kuhamia mtaa mpya au baada?"

"Sikuhamia popote!"

"Basi gazeti limesema uongo?"

"Gazeti limesema uongo."

"Na zulia?"

Dakika akaiweka saa chini. "Bunge lilikuwa limefungwa."

"Limefungwa vipi wakati huu?"

"Wabunge wamesafiri. Wamekwenda nje kutazama mabunge ya wenzetu."

Spika alijipiga paja. "Kwa hiyo wewe umekwenda kuwatazama wao, wao wamekwenda kuwatazama wengine! Na hao wengine wamekwenda wapi?"

"Jumba la makumbusho je?" nikauliza. "Ulisema lina ngao."

"Linakarabatiwa. Mlinzi akatuonyesha bango lenye mchoro wa litakavyokuwa. Tukapiga picha na bango."

"Ikulu?" akauliza Shangazi.

"Ikulu unaruhusiwa kupita, huruhusiwi kusimama. Sasa kitindamimba wangu kamba ya kiatu ikafunguka. Nikainama nimfunge. Filimbi hiyo! Askari anakuja mbio: 'Hapa hapafungwi viatu!' Nikambeba yule binti begani kama gunia mpaka ukuta wao ulipoisha, na ule ukuta hauishi leo."

"Kifungu gani cha sheria kinakataza mtu kufunga kiatu?" Hakimu akataka kujua.

"Kifungu cha bunduki, mzee."

Tulicheka mpaka mteja niliyemwacha na nusu kichwa akatoka nje na taulo shingoni, akaomba arudiwe habari toka mwanzo. Spika akamrudia, akiongeza vifaru viwili na helikopta.

Hakimu peke yake hakuwa amesahau gazeti. "Tufike kwenye bomba."

"Mchana jua linachoma, watoto wana kiu," Dakika akasema, polepole sasa. "Tukaona mahema, viti, watu wamevaa suti. Akaja mmoja ana kitambulisho kifuani. Ananiuliza, 'Nyie ni familia?' Nikamwambia ndiyo. 'Kamili? Baba, mama, wa kiume, wa kike?' Kamili. Akasema, 'Mungu mkubwa, tulikuwa tunawatafuta.' Akatupanga mbele ya bomba jipya, akatushikisha vikombe."

"Na wenye mtaa wao?" akauliza Shangazi.

"Nyuma ya kamba, na askari. Walikuja na ndoo zao."

"Sasa bomba linazinduliwa, mtu asije na ndoo?"

"Zilikuwa kuukuu, Shangazi. Zingeharibu picha."

Spika akashika kichwa. "Nchi hii ina watu wa kupigia picha na watu wa kuishi!"

"Mheshimiwa akafungua bomba, maji yakatoka, makofi. Mwandishi akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Hapo hapo..." Dakika akachukua bisibisi yake ndogo, akaizungusha vidoleni. "Binti yangu mnamjua. Akiona waya lazima ajue unaishia wapi. Aliona mpira wa maji umetokea chini ya bomba, akaufuata mpaka nyuma ya ukuta. Akarudi anakimbia, anapiga kelele: 'Baba! Maji yanatoka kwenye lori!'"

Spika alipiga ukelele wa furaha uliomwamsha paka wa dukani kwake. "Mtoto wa fundi! Mpeni kiti cha waziri! Mheshimiwa akafanyaje?"

"Alicheka tu, jasho linamtoka. Mwandishi akanigeukia. 'Mzee, ni kweli anayosema mtoto?'"

"Ukamwambia nini?"

"Wale wenye suti wote wananiangalia."

"Ukamwambia nini, wewe?" Shangazi akarudia.

"Nikamwambia mtoto anatania. Nikasema huyu ana tabia ya kutunga hadithi." Alisema hivyo akiitazama bisibisi. "Na yeye amesimama pale pale, ananisikia."

Kicheko cha Spika kilikatika kama redio iliyochomolewa.

"Ndani ya basi la kurudi akaniuliza, 'Baba, mimi ni muongo?' Nikajifanya nimesinzia."

"Ukajifanya umesinzia," akasema Shangazi.

"Tangu siku hiyo haniongeleshi. Nikimuuliza ananijibu, basi. Mama yake naye hivyo hivyo. Zulia la Bunge nililitandika mimi mwenyewe hapa kijiweni, maana nyumbani hakuna anayetaka kusikia safari."

Ningependa kusema tulimfariji. Hatukumfariji; tulimvaa. Hakimu alisema kukana ukweli mbele ya kipaza sauti ni kosa kubwa kuliko la kiatu. Spika aliapa kwamba ingekuwa yeye angemvua Mheshimiwa nguo kwa maneno, angelitaja na lile lori kwa namba zake. Mimi nilisema nchi imeharibiwa na watu waoga wa aina hii, nikaongeza mengine ambayo sasa siyataji. Hata mteja wa nusu kichwa alitikisa ile nusu kwa masikitiko.

Binti akatokea. Shule zilikuwa zimefungwa, na baba yake alikuwa amesahau nyumbani kile kioo cha kubana jichoni anachotazamia mashine za saa. Akamkabidhi, akageuka aondoke.

"Mama, ngoja," Dakika akamwita.

Akatoka nyuma ya meza yake, akachuchumaa mbele yake, sisi wote tunatazama. "Lile lori lilikuwepo. Wewe ulisema kweli. Muongo ni baba. Niliogopa wale watu. Nisamehe, mwanangu."

Binti alimwangalia kwa muda mrefu, kama anayekagua kazi ya fundi kabla ya kuichukua. Halafu akasema, "Ulimwambia yule mtu wa gazeti kwamba mimi natunga. Yeye umeshamwambia?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Dakika akatugeukia. Namba ya simu ya chumba cha habari ilikuwa ukurasa wa nyuma, chini kabisa. Akaitafuta kwa kidole, akapiga. Ikaita, ikapokelewa. Dakika ni mzito wa masikio kidogo na simu yake huiweka sauti ya nje, kwa hiyo tulisikia yote. Alieleza familia, ndoo, mpira, lori. Hakupunguza kitu.

"Na unasema wewe si mkazi wa mtaa ule?" sauti ikauliza.

"Sijakaa hata siku mbili. Mimi ni fundi saa huku, miaka yote."

"Jina lako kamili?"

Akalitaja, majina yote matatu. La katikati nilikuwa silijui, na nimekaa naye benchi moja miaka kumi na mitatu.

"Sawa. Kuna watu hapo wanaokufahamu? Tuwaandike majina, wathibitishe unaishi huko."

Hakimu alikumbuka ana miadi ya macho. Spika alisikia mteja dukani kwake, ingawa mlango wake ulikuwa bado na kufuli. Shangazi aliinamia jiko akapuliza makaa yaliyokuwa yamekolea. Na mimi, niwaambie ukweli, niliingia ndani na mteja wangu, nikawasha mashine, nikanyoa ile nusu ambayo nilikuwa nimeshaimaliza.

Kupitia dirishani nilimwona Dakika akilitazama benchi tupu toka mwanzo hadi mwisho. Binti akamvuta shati.

"Haloo? Mzee? Yupo shahidi?"

"Yupo," Dakika akasema. "Mmoja. Ana miaka sita, lakini anaongea vizuri. Ngoja nimpe simu."