Pampu ya Joto na Funguo za Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mama mkwe katangaza mezani: gesti yake inataka pampu ya joto. Wageni wamechoka kuoga maji yanayowakata pumzi. Jumamosi wanakuja walimu ishirini na wawili wa semina, na wameuliza jambo moja tu: maji ya moto yapo? Kasema mashine nichague mimi, kwa kuwa funguo za gesti ninazo mimi. Kisha akautazama mshipi wangu. Walimu wakioga maji baridi, funguo anakabidhiwa Shemeji.

Shemeji! Mdogo wake mke wangu. Mimi humwita Bwana Daftari, maana haendi hata msalani bila daftari lake. Funguo zile nimezivaa kiunoni miaka minne. Nikitembea zinalia, watu wanajua nani kaja. Bila funguo mimi ni mume wa mtu, basi.

Jumanne, tarehe 4 Juni
Fundi kaja. Mwanamke mfupi, ana tepu, hana maneno mengi. Kaeleza kwamba pampu hii haichemshi kama birika. Inafyonza joto lililomo hewani, inalitia majini, halafu inatema hewa baridi. Kauliza wageni wangapi huoga asubuhi. Nikasema wengi. Shemeji kafungua daftari: kumi na wanne, kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu. Kimbelembele! Mtu mzima anakaa koridoni kuhesabu taulo za watu!

Fundi kashauri mashine ya wastani, ifungwe nje, ukuta wa nyuma, penye hewa tele. Shemeji kaitikia kwa kichwa. Hapo hapo nikajua ushauri ni mbovu.

Jumatano, tarehe 5 Juni
Nimefikiri mpaka chai imepoa. Mashine inafyonza joto. Huko nje kuna joto gani? Upepo mtupu! Chumba chenye joto kuliko vyote ni cha kupigia pasi. Pasi mbili kutwa, mvuke, kidirisha kimoja. Mama mkwe mwenyewe hukaa humo mchana kwa ajili ya magoti yake. Joto lote lile linapotea bure, na hakuna aliyeliona ila mimi!

Fundi kasema chumba ni kidogo, mashine itakigandisha. Kasema mara mbili. Nikamwambia afunge tu, mwenye funguo ni mimi. Kataka niandike kwenye karatasi kwamba alinionya. Nimesaini kwa madaha.

Mashine nimechagua kubwa kuliko zote dukani. Muuzaji kauliza kama ni ya hospitali. Nimefurahi sana.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Maji yanachoma! Mgeni wa chumba namba tatu karuka nje na povu kichwani. Nimepita mbele ya Shemeji mara nne, kifua mbele, funguo zinalia. Kajitia anasoma daftari.

Mpiga pasi kalalamika kuna ubaridi. Nimeziba dirisha kwa magunia na mlango kwa mataulo, joto lisitoroke.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Mpiga pasi kaja kazini na koti. Anadai pasi inapoa kabla haijafika kwenye kola. Uvivu tu. Mama mkwe kaingia na kiti chake, kakaa dakika tano, katoka na kiti chake.  

Mke wangu kanishika mkono, kwa upole kabisa. Kasema nihamishie mashine nje, ni kazi ya nusu siku, muda bado upo. Nikamwambia nikihamisha itaonekana Shemeji alisema kweli. Kauliza kwani hakusema kweli? Nikaondoka. Sipendi ugomvi ndani ya nyumba.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Walimu wamefika, vumbi tupu, wote wanataka kuoga. Maji ya moto yametosha watu watatu. Wa nne alikuwa kiongozi wa msafara. Kapiga yowe mpaka mpishi kaangusha mwiko.

Nimekimbilia chumba cha pasi. Mashine imevaa barafu kama koti! Nimechukua kijiko, nikaanza kukwangua. Mama mkwe kanikuta nimepiga magoti. Hakufoka. Kanyoosha mkono tu. Nikampa kijiko.

Kasema si hicho.

Nimezifungua funguo kiunoni mbele ya mpiga pasi. Zimeacha alama kwenye mshipi. Imeniuma, sifichi. Nimetembea koridoni kwenda na kurudi, hakuna hata aliyegeuka.

Jumatatu, tarehe 10 Juni
Jana fundi na Shemeji wamehamishia mashine nje. Maji yanachoma, walimu wanaimba bafuni. Sababu iko wazi: mashine ilikuwa imechoka, ilitaka mapumziko ya Jumapili. Mama angenivumilia siku moja tu!

Leo limeletwa friji jipya la jikoni. Mimi nimeitwa kusukuma. Kusukuma! Fundi kasisitiza nyuma paachwe nafasi ya kiganja, lipate kupumua, maana friji nalo ni pampu ileile: linafyonza joto la ndani na kulitema kwa nyuma. Shemeji kaandika.

Lipumue! Juzi walitaka kupoteza joto, leo wanataka kupoteza baridi. Hawa watu hawafundishiki. Nimengoja wote watoke. Nimelisukuma mpaka limegusa ukuta, pembeni nimeziba kwa magunia yale yale, juu nimelifunika blanketi mbili. Baridi haitoroki hata tone. Nyama yote ya walimu imo humo.

Kesho mama akifungua, atajua nani alistahili funguo. Mshipi nimeshaupaka dawa ya viatu.