Kidole Gumba Juu ya Cheti cha Boyo

Jumatatu, 26 Agosti

Binti yangu Marisha anaondoka Alhamisi. Kanada, chuo cha uuguzi, miaka minne. Mama yake, Gemma, amenipigia simu kuniarifu kwamba Ancil ndiye atakayempeleka uwanja wa ndege. Ancil ni mume wa sasa wa Gemma. Ana gari jeupe lenye kiyoyozi, na hajawahi kunikosea adabu hata mara moja. Ndiyo maana simpendi.

Nimemwambia Gemma mtoto ni wangu, nitampeleka mwenyewe. Akauliza kama gari langu lina bima. Nikasema swali hilo ni la kunivunjia heshima. Halina tangu Aprili.

Jumanne, 27 Agosti

Nimekwenda kwa watu wa bima, mjini Siparia. Dada wa kaunta akasema gari kuukuu kama langu halikatiwi bima bila cheti cha ukaguzi. Nikaenda kwa mkaguzi. Akalizunguka, akagusa tairi moja kwa ncha ya kiatu, akaniuliza nimekuja nalo kweli au limesukumwa. Nikasema nimekuja nalo. Akasema pole, afadhali lingesukumwa.

Jioni, wazo. Boyo, mchomelea vyuma wa mtaani kwetu, ana gari kama langu, buluu ileile, bima hai. Namba tu ndizo tofauti. Nimemwomba aniazime cheti chake cha bima. Amesita sana. Akasema, "Rawle, ukishikwa, mimi sikujui wewe." Nikamwambia atanijua tu nikirudi na doubles zake, mikate ya dengu yenye pilipili nyingi.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: namkabidhi polisi cheti, kidole gumba juu ya namba. Yaonekana kama mkono wa mtu asiye na wasiwasi.

Alhamisi, 29 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Marisha alipanda gari langu. Mabegi yalikwenda kwa Ancil kwa sababu buti la gari langu halifungiki. Ancil na Gemma wakawa nyuma yetu. Hilo lilinifurahisha kidogo, kumwona Ancil kwenye kioo akinifuata mwendo wa kobe.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia mwanangu. Nimeyapanga wiki nzima. Kwamba nilikuwa baba wa kubahatisha, lakini sikuwahi kumpenda kwa kubahatisha. Nilitaka kuyasema tukishapita mji wa Chaguanas, barabara ikitulia. Kabla ya hapo nikamweleza makosa ya udereva wa Ancil.

Polisi walikuwa kabla ya Chaguanas.

Koplo mwanamke, mpole, jina lake Bissoon. Nikamnyoshea cheti kama nilivyojizoeza. Hakukipokea. Alikitazama kilivyo mkononi mwangu, kisha akasema, "Mzee, ondoa kidole." Nikasema kinauma. Akasema atasubiri kipone.

Nikakiondoa.

Akasoma namba, akaenda mbele ya gari, akarudi. Akasema kuendesha bila bima ni kesi ya mahakamani, na kutumia cheti cha mtu mwingine ni kesi ya pili. Gari haliendi popote, litavutwa. Hakupandisha sauti. Marisha alikuwa anatazama magoti yake.

Ancil akaja kwa miguu. Akasema tu kwamba kiti cha nyuma kina nafasi ya wawili. Koplo akasema mimi nabaki.

Marisha akanikumbatia kando ya barabara, malori ya kokoto yakipita. Akasema, "Baba, ndege hainingojei." Nikamwambia asisahau kuvaa soksi. Soksi! Katika maneno yote niliyoyapanga.

Gari jeupe likaingia barabarani. Alinipungia mkono mpaka nikashindwa kumwona. Koplo Bissoon akanipa maji ya chupa yake. Nikanywa.

Ijumaa, 30 Agosti

Boyo ameitwa kituoni kuhusu cheti. Aliporudi alipita mbele ya nyumba yangu, akatazama upande wa pili. Nilikuwa nimemnunulia doubles. Zimepoa mezani. Mkewe anasema nisipite kwao kwa sasa.

Jumatatu, 9 Septemba

Mahakamani. Aliyenipeleka ni Ancil. Njiani hakuniambia lolote la kunifunza. Nilimngojea aseme, nipate sababu ya kumkasirikia. Akaniuliza tu kama kiyoyozi kimezidi.

Hakimu ni mama wa makamo mwenye miwani mnyororoni. Kwa cheti nimepewa onyo kali, kwa kuwa nilikiri. Kwa bima, faini, na leseni nimenyang'anywa mwaka mzima, ila gari nimerudishiwa. Aliniuliza, "Ungemvunja mtu mguu, nani angemtibu?" Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hotuba nzuri kuhusu binti na baba. Lakini nilimwona mtu huyo kitandani na mguu wake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kwenye kiti cha mbele cha gari langu siku ile alikuwa Marisha. Nikasema sijui, Mheshimiwa.

Tukarudi. Ancil alinunua aloo pai mbili, zile za viazi, akanipa kubwa.

Jumapili, 15 Septemba

Marisha amepiga simu. Baridi imeanza, chumba ni kidogo, mwenzake anatoka Ghana na wanapikiana. Anarudi Krismasi. Nikasema nitakuja kumpokea. Akasema, "Baba, usije na gari. Njoo wewe tu. Panda na Uncle Ancil." Nikasema sawa, mwanangu.

Ancil ameshaniahidi kiti cha mbele. Nimemshukuru, tena kwa moyo.

Ila nimeisoma hukumu tena, polepole. Imenikataza kuendesha. Haisemi lolote juu ya mtu aliyeketi kwenye usukani huku gari lake likivutwa. Sonnylal wa mashambani ana trekta na mnyororo mrefu, na Krismasi hana kazi. Nimemwuliza kuhusu bima. Anasema trekta lake halijawahi kuwa nayo, na hakuna polisi aliyewahi kulifukuza trekta.