Meli ya Baba Mkwe na Maelekezo ya Ovyo

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimenunua heshima. Imo ndani ya boksi: meli ya plastiki ya kuunda mwenyewe, milingoti mitatu, matanga meupe, mizinga ubavuni. Jumapili baba mkwe anatimiza miaka sabini. Mzee amekula chumvi nyingi, na nyingi ameila baharini, maana alikuwa baharia mpaka alipostaafu. Tangu nimwoe binti yake ananiita "huyu bwana". Huyu bwana asogee. Huyu bwana amekula? Basi nimetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba zawadi yake nitaiunda kwa mikono yangu. Shemeji, kaka yake mke wangu, daktari wa meno, alikohoa. Kikohozi kile nakijua. Hata kwenye harusi yetu alikikohoa.

Jioni kazi imeanza. Vipande vyote vimeshikana kwenye fremu za plastiki. Mtu asiye na mpango angekata kimoja kimoja. Mimi nimevikata vyote kwa mpigo, kwa kikata kucha cha mke wangu, nikavimimina kwenye beseni. Fremu nikazitupa. Ndipo nikakunjua karatasi ya maelekezo. Ala! Hakuna neno hata moja. Michoro, mishale na namba tu: kipande cha 14 kibandikwe kwenye cha 15. Nimegeuza kila kipande juu chini. Hakuna chenye namba! Maelekezo ya ovyo kabisa. Aliyeyachora hajawahi kuona meli.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimewaandikia watu wa kiwandani barua pepe kali. Wamejibu papo hapo kwamba ujumbe wangu ni muhimu sana kwao. Tangu hapo, kimya.

Ofisini, simu chini ya meza, nimepata video ya maelekezo bora. Mzee mmoja, sura haonyeshi, mikono tu, sauti ya upole. Nikaanza kumpenda. Kisha akasema tuchukue kipande namba moja. Hata wewe! Bosi akatokea nyuma yangu, akauliza natazama nini. Nikasema mafunzo ya kazi. Akafurahi. Kesho niwafundishe wenzangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimewafundisha. Sijui nini. Wamepiga makofi.

Nyumbani, mke wangu ametoa maoni bila kuombwa. Anasema namba zilikuwa kwenye fremu, pembeni ya kila kipande, aliziona kwa macho yake. Nikamuuliza mbona hakusema. Anasema alisema, tena akarudia, nikamjibu asinichanganye. Nimekimbilia pipa. Tupu! Gari la taka limeshapita. Nikamweleza kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba maelekezo yanayotegemea takataka si maelekezo. Yeye alikuwa anakata kucha kwa meno, kikata kucha chake kimevunjika.

Halafu akili ikanijia. Shemeji anayo meli hii hii! Iko kwenye kabati la kioo, pale wagonjwa wanaposubiri. Kaiunda mwenyewe, na hakuna jamaa ambaye hajasimuliwa. Meli iliyokamilika ni maelekezo bora kuliko karatasi yoyote. Nitaipiga picha kila upande. Kumwomba? Afadhali nife.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeingia kliniki nimeshika shavu. Jino, nikamwambia dada wa mapokezi. Mpango: nikae nisubiri, nipige picha, jino lipone lenyewe, niondoke. Kumbe dada yule ana huruma kupita kiasi. Kusikia mimi ni shemeji yake daktari, akanipitisha mbele ya foleni yote. Nikasema sina haraka. Akasema wenye maumivu makali ndivyo wanavyosema. Shemeji akachungulia, akakohoa, akasema nimefanya vyema kuja mapema, jino limeoza kweli. Mimi nilikuwa nimemwonyesha la juu. Lililooza ni la chini. Nimetoka nalo mfukoni.

Wakati wa kutoka nikajikaza kiume, pamba mdomoni, nikapiga picha zangu zote. Nimezifungua nyumbani. Kioo kile kinaakisi kama maji! Kila picha ni mimi, shavu limevimba kama puto. Katika moja tu, nyuma ya sikio, unaonekana mlingoti.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nimeandika maelekezo yangu mwenyewe. Vipande nimevigawa mafungu matatu: vijiti, vya duara, na Mungu anajua. Kanuni ni moja: kinapoingia ndipo pake. Asubuhi kabla ya kazi nikajaribu, na mlingoti ukaingia! Gundi nayo si ya mchezo. Nimegonga mihuri siku nzima mzinga mdogo umeganda kwenye kidole gumba. Bosi akauliza ni nini. Nikasema ni agizo la daktari.

Jumamosi, 11 Oktoba

Meli imesimama! Ina matanga! Ila beseni bado lina nusu. Mke wangu akauliza hivi vingine ni vya nini. Vipuri, nikamwambia. Akanisihi kwa upole nimpigie kaka yake simu, muda bado upo, angekuja. Nimekataa. Lakini naogopa. Kesho mzee akiniita huyu bwana mbele ya watu wote, huku ameshika kituko changu mkononi, basi nitakuwa huyu bwana mpaka kaburini.

Vipande vilivyobaki nimevimimina tumboni mwa meli, nikabandika sitaha juu. Meli bila shehena ni meli gani?

Jumapili, 12 Oktoba

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaitikisa. Ikalia kama kayamba. Shemeji akauliza, kwa adabu zake zote, kwa nini usukani uko mbele. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akaiinamisha huku, akaiinamisha kule, shehena ikakimbia mbele, ikarudi nyuma. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemliza. Kumbe anacheka! Akasema meli yake ya kwanza ilikuwa hivi hivi, kila kitu kimelegea na nahodha hajui mbele wala nyuma. Akasema leo ndiyo ameona kwa macho: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, tumboni mwa chombo. Mlingoti ukachomoka, ukaangukia kwenye mchuzi. Akacheka mpaka machozi, akayafuta, akasema: mwanangu, njoo ukae hapa karibu yangu.

Mwanangu! Na shemeji alikuwepo, amesikia. Nilishindwa kula, na si kwa sababu ya jino. Nilifurahi kama siku niliyooa.

Baadaye mzee akaingia chumbani, akatoka na boksi la zamani, kubwa kuliko langu. Meli nyingine! Alilinunua enzi zake za bahari, akalitunza miaka yote kwa kukosa mtu wa kuiunda naye. Siku hizi haliuzwi popote. Amenikabidhi mimi. Jumapili ijayo anakuja kwetu, tuiunde sisi wawili. Alisisitiza nisilifungue mpaka afike.

Jumanne, 14 Oktoba

Mzee wa miaka sabini, macho yale, vidole vile, nimwache ahangaike kukata? Mtoto gani huyo! Nimemrahisishia. Vipande vyote nimeshavikata kwa kikata kucha kipya cha mke wangu, viko kwenye beseni, safi. Fremu nimezitoa nje mapema, na gari la taka limepita. Mke wangu amesimama mlangoni, mikono kichwani. Nadhani ni furaha.

Nimeikunjua karatasi ya maelekezo. Lo! Hii ni ya ovyo kuliko ile ya kwanza.