Vitabu vya Chifu Vimeguswa

Redio, mbeya wetu wa kijiji, hajakaa vizuri mkekani, keshamwaga habari.

"Wazee, mmesikia? Mwalimu Litiana kafungua yale maboksi ya vitabu."

Kifuu cha yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, kikaganda njiani. Maboksi yale ni zawadi kwa shule yetu, na tangu kabla ya kimbunga yalikuwa yanamsubiri chifu arudi kutoka mjini Suva ayapokee kwa heshima zake.

"Kafungua, halafu?" aliuliza Kufuli, mwenyekiti wa kamati ya shule. Tunamwita hivyo kwa sababu funguo zote za kijiji zinalala kiunoni mwake.

"Kawapa watoto. Wanasoma."

"Wanasoma zawadi ya chifu? Kwa mikono ile iliyotoka kula mihogo?"

"Sasa ulitaka wasome kwa miguu, mzee?"

"Kausha wewe. Kitabu kikishikwashikwa kinaisha."

Profesa, aliyekaa darasa la sita mpaka akaota ndevu, akakohoa. "Mapenzi ya kusoma hayaletwi na kitabu. Yanaletwa na fimbo. Sisi tulichapwa, tukapenda."

"Ulipenda kengele ya kutoka," Redio akamjibu.

Kufuli hakucheka. "Kesho nasema ahamishwe. Apelekwe kisiwa ambacho boti inafika ikijisikia."

Hapo nikaumia. Mwanangu Makereta alikuwa akiikimbia shule. Kumbe ndiyo maana siku hizi ananisomea habari za kasa mpaka nasinzia mimi.

"Mkimhamisha," nikasema, "Makereta namleta kwako, Kufuli. Umfundishe wewe."

"Mimi macho yananisumbua."

"Mbona karata unaziona?"

Kabla hajanijibu, Litiana mwenyewe akapiga magoti mlangoni. Mikononi kashika fungu la mizizi ya yaqona ya kisiwa cha Kadavu, minene kweli, na nyumba nzima ikasahau hasira.

"Wazee wangu, nimekuja kuomba radhi. Nilifungua zawadi kabla yenu. Na pamoja na yaqona hii ninalo ombi dogo..."

Kufuli hakungoja. Alikwishaivuta mizizi, akaishika na kupiga makofi, nasi tukaitikia kwa makofi yetu. Na yaqona ikishapokelewa, ombi limekubaliwa. Hata chifu harudi nyuma.

"Vinaka, asante mwanangu, yamekwisha," Kufuli akasema, akiinusa mizizi. "Ombi lenyewe lilikuwa nini?"

"Jumatatu kila baba aje darasani, awasomee watoto ukurasa mmoja kwa sauti."

Profesa akakumbuka magimbi yake hayajapaliliwa. Redio, ambaye sauti haijawahi kumpungukia hata msibani, akashika koo na kusema linamkereketa. Mmoja mmoja wakaanza kutafuta kandambili zao.

Kufuli hakuwa na pa kukimbilia. Akamwinamia mwalimu, akanong'ona kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mwanangu, katika vile vitabu, hakuna chenye picha tupu?"

"Vipo, mzee," Litiana akajibu kwa upole. "Ila hivyo darasa la kwanza wameshavimaliza."