Kiti cha Bibi Goudreau

Royce Pelkey alikuwa na kipaji adimu cha kuuza mapaa yasiyowahi kuezekwa. Miaka miwili alikuwa ametulia Harlow Mills, New Hampshire, akingoja watu wa Ohio wamsahau. Aliishi ndani ya gari lenye kitanda na jiko, na hiyo ndiyo mali yake yote duniani.

Asubuhi moja mgahawani akamwona Bibi Thelma Goudreau, mjumbe wa bunge la jimbo, akiingia na fimbo yake. Watu wakampisha. Mwenye mgahawa akamwekea pai ambayo hakuagiza, na fundi magari akaja kumnong'oneza sikioni. Royce akameza mate. Kwa uzoefu wake, mtu hanong'onezwi bure.

Akahamia meza ya bibi, akampa pole ya magoti, kisha akauliza kwa upole wa shemasi kama kile kiti cha bungeni, huko Concord mji mkuu wa jimbo, kina chochote.

Bibi akatazama mlango kwanza. "Mwanangu, nimekikalia miaka ishirini na miwili. Kingekuwa kitupu, ningekaa?"

"Basi niachie mimi, bibi."

"Hakiuzwi," akasema, akairudia pai yake.

Neno hilo lilimnyima Royce usingizi. Alimfuata bibi hadi zizini, akamkamulia ng'ombe, akamwezekea ghala, na safari hii paa likaezekwa kweli, jambo lililomshtua hata yeye. Mwishowe bibi akalegea. Akasema wapiga kura wanamsikiliza yeye, ila mifupa yake inadai jua, na lile gari la kulala ni zuri mno. Royce akamkabidhi funguo, blanketi na birika, huku akimwonea huruma kwa kupunjwa vile.

Kwenye uchaguzi wa Novemba Royce hakupata mpinzani hata mmoja. Akajisifu kwamba amewatisha wote.

Ndipo simu zikaanza. Alfajiri kulikuwa na dubu kwenye mapipa ya taka. Mchana lilikuwa shimo la barabarani, na jioni mzee mmoja alitaka serikali iwahamishe mabata bukini. Royce, aliyepanga chumba juu ya karakana, aliwahudumia wote akingoja bahasha. Akaletewa chupa ya matango ya siki.

Siku ya kiapo bungeni alimwinamia jirani yake wa kiti, mzee aliyekuwa akijaza fumbo la gazeti, akamuuliza mshahara ni kiasi gani.

"Dola mia."

"Kwa siku?"

"Kwa mwaka."

Royce akatoka mbio hadi koridoni, akampigia bibi. Nyuma ya sauti yake alisikia watu wakicheka ufukweni huko Florida.

"Bibi, umeniibia."

"Nimekuibia nini, mheshimiwa? Kiti si unacho?"

"Hakina kitu!"

"Ndiyo maana nilihitaji gari." Kisha akamhurumia kidogo. "Usilie. Mimi niliuziwa na marehemu Arsenault kwa ng'ombe wawili wa maziwa. Nilinuna mwaka mzima. Tafuta mwenye tamaa, umwambie hakiuzwi."

Royce akarudi ukumbini. Akawatazama waheshimiwa, karibu mia nne, wamekaa kwa heshima zao zote. Wazo likamjia, akamgusa jirani yake bega.

"Samahani, mzee. Wewe ulitoa nini?"

"Boti," mzee akajibu bila kuinua macho. "Na injini yake."